Balli Kombëtar ya Albania: wazalendo au vibaraka wa Mjerumani?

MLETA MADA
Wakuu habari za jioni. Juzi kijiweni tulibishana neno kibaraka nani anastahili kuitwa, nikatoa mfano wa Albania nikaambiwa nimeenda mbali mno, basi nauleta hapa kwenye watu wa historia.

Novemba 2018 serikali ya Edi Rama ilirudisha mifupa ya mzee mmoja aliyefia New York mwaka 1949, ikazikwa upya Tirana kwa heshima zote. Mzee mwenyewe ni Mid'hat Frashëri, kiongozi wa Balli Kombëtar, chama cha wazalendo wa Albania wakati wa Vita vya Pili vya Dunia (kwa Kialbania neno hilo la kwanza linatokana na paji la uso, yaani mstari wa mbele wa taifa). Maveterani wa upande wa wapartizani, yaani wapiganaji wa msituni walioongozwa na wakomunisti, wakaja juu, mnamzikaje msaliti kama shujaa?

Msimamo wangu: hao jamaa hawakuanza kama vibaraka. Walinaswa kwa chambo, na chambo chenyewe ni Kosovo, eneo la jirani lenye Waalbania wengi lililokuwa chini ya Yugoslavia.

Mid'hat sio mtu wa kuokotwa njiani. Baba yake Abdyl ni kati ya vinara wa Ligi ya Prizren ya 1878, umoja wa Waalbania wa kutetea ardhi yao, baba zake wadogo ni Naim yule mshairi na Sami mwandishi. Albania inatangaza uhuru Vlorë 1912 yeye yumo kwenye baraza la kwanza la mawaziri, baadaye akawa na duka la vitabu Tirana. Mtaliano kavamia Aprili 1939, Mfalme Zog katoroka, ndo Novemba 1942 wazee kama hawa na kina Ali Këlcyra wakaunda chama: wanataka jamhuri, mageuzi ya ardhi, na Albania yenye Waalbania wote ndani, Kosovo ikiwemo. Sasa shida iko hapa, 1941 Yugoslavia ilipovunjwa sehemu kubwa ya Kosovo ilishaunganishwa na Albania, na aliyeiunganisha ni huyohuyo Mtaliano mvamizi! Kitu unachokililia tangu ujana wako unaletewa mezani na mwizi aliyekuvunjia nyumba. Unafanyaje?

BWANA KAHAWA
Unakataa mkuu. Unafanya kama wenzako wa milimani, unashika bunduki.

Chambo nakubali kilikuwepo ila walikimeza wenyewe. Mtaliano anasalimu amri Septemba 1943, Mjerumani anaingia anasema natambua uhuru wenu na Kosovo kaeni nayo, anaunda baraza la utawala, waziri mkuu Rexhep Mitrovica ni mtu wa Balli. Winta ile wapiganaji wa Balli wanatembea na Wajerumani kuwasaka wapartizani, wanawaonyesha njia na nyumba. Alfajiri ya tarehe 4 Februari 1944 pale Tirana watu 84 wanatolewa kwenye nyumba zao, wengine na nguo za kulalia, wanapigwa risasi, na waliofanya ni askari wa serikali hiyo hiyo chini ya waziri wa mambo ya ndani Xhafer Deva, wala sio Wajerumani. Hapo chambo kiko wapi?

MTOTO WA PWANI
Si ndo haohao waliokuwa na divisheni ya SS, lile jeshi la chama cha Hitler, ile ya Skanderbeg?

MLETA MADA
Hapana kaka, tusichanganye mafaili. Ile waliiunda Wajerumani 1944, askari wengi vijana wa Kosovo, na ndiyo iliyokamata Wayahudi 281 Pristina Mei 1944. Huo uchafu uko palepale siutetei, ila jeshi la SS ni kitu kimoja na Balli kama chama ni kitu kingine, hata kama kuna watu walivaa kofia zote mbili.

Bwana Kahawa ya Februari 4 sina jibu. Lakini umeruka Mukje, na bila Mukje huu mjadala hauna miguu. Agosti 1943, kijijini Mukje karibu na Krujë, Balli na upande wa wapartizani walikaa meza moja wakakubaliana kupigana na mvamizi pamoja, na suala la Kosovo likaingia kwenye makubaliano. Mjumbe mkuu wa wapartizani alikuwa Ymer Dishnica. Alivyorudi, Enver Hoxha, kiongozi wa wakomunisti aliyekuja kuitawala Albania baada ya vita, akayakana yote, akasema Dishnica kauza mechi. Kwa nini? Manake chama cha kikomunisti cha Albania kilizaliwa Novemba 1941 na mikono ya Wayugoslavia imo, Miladin Popović na Dušan Mugoša walikuwepo, na Belgrade isingekubali Kosovo iende. Kwa hiyo wote wawili walikuwa na bwana nje, tofauti bwana wa mmoja ndo alishinda vita.

BWANA KAHAWA
Hapo umeongea, ila bwana anayekusaidia kumfukuza mvamizi na bwana ambaye ndiye mvamizi haviko sawa hata kidogo.

DADA WA BARI
Jamani mimi niko Italia huku, jikoni kazini nina mwenzangu Mualbania, mama wa makamo. Babu yake alikuwa ballist, yaani mtu wa Balli, alikimbia na meli 1944 akaacha mke na watoto. Huyu mama anasema enzi za Hoxha kulikuwa na kitu wanakiita biografi, faili la ukoo, ukiwa na biografi mbaya chuo kikuu sahau, kazi ni kulima, kuolewa tu watu wanakukwepa. Wamekaa miaka kwenye vijiji vya kufungiwa upande wa Lushnjë, kila siku wanahakikiwa kwa majina kama wafungwa. Babu hakumwona hata sura! Siku moja nikamuuliza kwa hiyo babu alikuwa msaliti au vipi, akaendelea kumenya viazi kama dakika nzima hivi, akasema "alikuwa mwalimu".

BWANA KAHAWA
Pole yake dada, hilo la kuadhibu wajukuu ni unyama. Ila mateso ya mjukuu hayamsafishi babu, na nadhani huko Albania wanachanganya hayo mawili makusudi, kila aliyeonewa na Hoxha anageuzwa mzalendo.

MLETA MADA
Hapo nakuunga mkono, na ndo maana nikasema walinaswa, sikusema ni malaika. Hesabu yao ilikuwa kusubiri. Julai 1943 Wajerumani walichoma kijiji cha Borovë wakaua watu zaidi ya 100 kisa msafara wao umevamiwa na wapartizani, watu wa Balli wakasema mnaona, risasi moja kijiji kizima, tutunze nguvu Waingereza wakifika. Waingereza hawakufika na jeshi, walituma maofisa na silaha, na silaha zikazidi kwenda kwa anayempiga Mjerumani. Sio wote walisubiri pia, Safet Butka alikuwa kamanda wa Balli upande wa Korçë, mwalimu huyo, alihangaika kuzuia Waalbania wasiuane, ikashindikana, Septemba 1943 akajipiga risasi. Huyu naye kibaraka?

BWANA KAHAWA
Butka namtoa. Mid'hat simtoi, yeye ndo alikuwa kichwa, chama kikizama na nahodha yumo.

MTOTO WA PWANI
Sasa ukombozi wenyewe wanasherehekea lini, maana nasoma sehemu moja Novemba 28 kwingine 29

MLETA MADA
Kaka umegusa kidonda haha. Hoxha aliweka 29. Ukomunisti ulipoanguka serikali ya mrengo wa kulia ikaisogeza 28, wanasema Mjerumani wa mwisho aliondoka Shkodër siku hiyo, na ni siku ya bendera tangu 1912. Wasoshalisti waliporudi wakairudisha 29.

BWANA KAHAWA
29.

DADA WA BARI
Yule mama huwa anaomba ofu zote mbili 😂