Saa kuukuu za Kongowea: nichukue Seiko au hii Favre-Leuba? Na uso upakwe rangi?

Mtoto wa Makadara
Assalaam alaykum wadau. Kuna muuzaji wa mitumba Kongowea ana kibati cha saa kuukuu, amezichanganya na mikanda iliyokatika na funguo za makufuli. Nimezipenda mbili. Ya kwanza Seiko 5 ya otomatiki (inajitia ufunguo mkono ukitikisika), mgongoni imeandikwa 7009, namba ya mashine yake, uso wa rangi ya fedha una madoa ya kahawia karibu na 10, siku zimeandikwa kwa Kiingereza na Kiarabu. Ukiitikisa inaamka. Anataka 3,500. Ya pili Favre-Leuba ya kutia ufunguo, uso wa buluu unameremeta, 5,000 na hapunguzi. Fundi mmoja wa mjini anasema nichukue Seiko, ataupaka uso rangi mpya kwa 800 na kuisugua bodi mpaka ing'ae. Mwasemaje? Ni ya kuvaa, si ya kuuza.

Mama Tausi
Hiyo ya buluu umetajiwa bei ya mgeni wa meli. Kizuri chajiuza, sasa mbona iko ndani ya kibati?

Mzee wa Kibokoni
Waalaykum salaam mwanangu. Favre-Leuba ni jina la Uswisi la tangu 1737, na lilipendwa sana India. Huko ndiko zinakotoka nyingi za hizi nyuso mpya: mashine kuukuu, rangi ya juzi. Iinamishe juani uitazame vizuri. Alama za dakika zimekaa sawasawa na vile vijiti vya saa, au zimehama kidogo? Neno "Swiss" pale chini penye 6 ni jembamba na kali, au limevimba wino? Ukiona kasoro hizo, unauziwa rangi. Mashine yake yaweza kuwa nzima, lakini si kwa 5,000.

Seiko ichukue, ukishuka naye hadi 2,500. Siku za Kiarabu zisikutie wasiwasi, Seiko wenyewe walizitengeneza hivyo kwa soko la Uarabuni, na Mombasa hii nani hana mjomba aliyefanya kazi Ghuba? Penye 6, ukingoni kabisa, tafuta maandishi madogo yenye 7009. Yakiwapo na yakasomeka, uso huenda ni wake.

Sasa huyo fundi wako. Usimruhusu aguse uso. Madoa ni umri tu, hayaipunguzii saa hata sekunde, na rangi ikishapakwa maandishi yale hayarudi. Kusugua nako huzila kingo za bodi, saa ikabaki laini kama sabuni iliyotumika.

Bandarini
Mzee nakuheshimu, lakini mtu amesema ni ya kuvaa. Mimi ya kwangu ilipakwa na naipenda. Si kila mtu anataka kutembea na madoa mkononi.

Mzee wa Kibokoni
Haya, mkono ni wako. Ila hizo 800 bora zingeingia kwenye mashine.

Dada wa Bamburi
Hapo kwenye mashine ndipo penye kazi. Mafuta ya saa hukauka yakawa gundi, na ikitembea hivyo vyuma vinalana. Muulize fundi: utaifungua yote, uoshe kila gurudumu, utie mafuta upya? Akikujibu kwamba atapuliza na kudondosha mafuta ya cherehani, chukua saa yako uondoke. Mafuta yale hutambaa kila mahali, mpaka kwenye ule waya mwembamba wa balansi (lile gurudumu linaloyumba kupima mwendo wa saa), na mizunguko yake ikigandana saa inakimbia kama imefukuzwa.

Mwambie pia abadilishe ile ringi ya mpira ya kifuniko cha nyuma. Hewa ya hapa ina chumvi na sisi tunatoka jasho mwaka mzima. Kutu huanzia hapo na kwenye kile kifungo cha pembeni. Usiamini maandishi ya "water resistant", ulikuwa ukweli wa ringi ikiwa mpya. Ukienda kuogelea Nyali iache nyumbani. Na usisugue kioo kwa dawa ya meno, hiyo ni ya vioo vya plastiki. Hizo Seiko zina kioo chenyewe.

Mtoto wa Makadara
Ahsanteni sana. Nimeichukua kwa 2,700, maandishi ya penye 6 yapo. Namba ndefu ya mgongoni inaanza na 82, ni ya mwaka gani? Na mbona nikizungusha kile kifungo haijai ufunguo?

Dada wa Bamburi
Hongera. 8 ni mwaka unaoishia na 8, na 2 ni Februari. Kwa 7009 hiyo ni 1978 au 1988. Haitiwi ufunguo kwa mkono, ndivyo ilivyoundwa. Itikise taratibu ubavu kwa ubavu kisha uivae. Ilinganishe na simu kwa siku nzima kabla hujampelekea fundi. Ikichelewa dakika tano, huenda mafuta yamekauka.

Mzee wa Kibokoni
Na tarehe usiibadilishe kwa kile kifungo kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku. Meno ya kugeuza siku huwa yameshikana wakati huo, na ukilazimisha utayavunja. Sogeza akrabu fupi hadi penye 6 kwanza, ndipo uguse tarehe.

Bandarini
Muuzaji bado anayo ile ya buluu?