Vifaranga wa Juni hawana jicho wanalolitegemea. Nimekosea wapi?

Nyambura_Chiromo
Hamjambo. Nafanya utafiti juu ya nusu mbili za ubongo wa kuku, hapa Nairobi. Jaribio ni la punje na kokoto: nagundisha vijiwe sakafuni, natawanya mtama katikati, namziba kifaranga jicho moja, kisha nahesabu anavyodonoa. Machi ilikuwa wazi kabisa. Waliotumia jicho la kulia waliacha vijiwe upesi, wa jicho la kushoto wakaendelea kudonoa ovyo. Nilifurahi hadi nikampigia mama simu usiku. Juni, mayai ya mfugaji yuleyule wa Ruai, tofauti imepotea. Msimamizi anasema nimehesabu vibaya. Nimerudia video zote kwa siku tatu, hesabu ni ileile. Nisaidieni.

MzeeWaMashine
Binti yangu, hesabu iache kwanza. Siku 3 za mwisho kabla ya kuanguliwa, mayai yalikaa mashine gani ya kutotolea? Kifaranga akikaribia kutoka, jicho la kushoto hulalia mwili wake, la kulia huelekea ganda. Mwanga ukipenya ganda humfikia kulia tu, na habari za jicho hilo huenda nusu ya kushoto ya ubongo. Lesley Rogers wa Australia alichapisha jambo hili mwaka 1982. Mayai yakitotolewa gizani, tofauti ya kuona hufifia.

PanyaNaMimi
Nyongeza, dada: mtazame kila kifaranga peke yake pia. Mtafiti Robert Collins aliona panya wa maabara wana mkono wanaoupendelea, ila karibu nusu ni wa kulia na nusu wa kushoto. Ukichukua wastani wa kundi, utadhani hakuna kitu.

Nyambura_Chiromo
Mzee, nimesoma nikasimama. Machi tulitumia mashine ya mlango wa kioo, karibu na dirisha. Iliharibika Aprili, ikaletwa ya bati, haina hata tundu. Sikuandika popote, sikujua ni jambo la kuandika.

MzeeWaMashine
Basi gawa mayai siku ya 18 tangu yaingie mashineni, nusu kwenye mwanga, nusu gizani, joto liwe sawa pande zote. Taa isiwe ya kutoa joto. Saa chache za mwanga zinatosha.

Nyambura_Chiromo
Asante sana, mzee wangu. Trei ya sasa inafika siku ya 18 Alhamisi. PanyaNaMimi, nimeanza kuchora grafu ya kila kifaranga. Namba 14 na 23 hawafanani na wenzao hata kidogo.