Kumkabidhi mbunifu wa mambo ya ndani nyumba nzima: tutarajie nini?

Mkazi wa Kinyerezi
Habari zenu wadau. Nyumba yetu imeshaezekwa na kupigwa plasta. Kwa kuwa mimi na mwenzangu sote hurudi kazini usiku, tunafikiria kumkabidhi mbunifu kila kitu, kuanzia michoro, marumaru na taa hadi mapazia na vitanda. Ameomba malipo ya awali kabla ya kutuonyesha mchoro wowote. Je, huo ndio utaratibu? Na hiyo anayoiita huduma kamili inaishia wapi?

Mkadiriaji
Ndugu mleta mada, malipo ya awali si jambo la ajabu, kwa sababu kupima vyumba, kuwauliza mnavyoishi na kuandaa michoro ni kazi hata kama hamtaendelea naye. Kinachopaswa kukushtua ni kuombwa fedha pasipo mkataba unaotaja hatua na malipo ya kila hatua. Kwa kawaida yeye ndiye atakayebuni, kununua, kusimamia mafundi, kupanga vitu ndani na kurudi kurekebisha kasoro mtakazoorodhesha siku ya makabidhiano. Akitaka kuvunja ukuta unaobeba nyumba, hapo aitwe mhandisi. Muulize mbunifu pia kuhusu usajili wake AQRB, yaani bodi ya Tanzania inayosajili wabunifu majengo, wakadiriaji majenzi na wataalamu wanaohusiana nao.

Bi Mkubwa wa Mbezi
Swali ambalo wengi huona haya kuliuliza ni faida anayoipata kwenye manunuzi. Wako wanaotoza asilimia ya gharama yote, wako wanaotoza kwa mita ya mraba, na wako ambao ada yao ni ndogo kwa sababu wanaweka cha juu kwenye kila kochi na kila taa. Mimi sina ugomvi na cha juu kilichoandikwa. Ugomvi huanza pale unapopita Kariakoo ukakuta kitambaa kile kile cha pazia kwa bei nyingine kabisa. Kwetu tulidai jedwali la kila chumba, lenye kifaa, vipimo na bei, likisema wazi kama VAT imo, na risiti za EFD (mashine ya kodi ya kielektroniki) zitolewe kwa jina letu. Alipotaka kubadili bomba la sinki la jikoni, alituma bei kwanza, nami nikamjibu kwa maandishi.

Seremala, Keko
Niongeze upande wa mafundi. Mchoro wa kabati unaofaa huonyesha unene wa mbao, upande mlango unakofungukia na mahali soketi ya friji ilipo; tukiletewa picha ya simu tu, kila mmoja wetu anakisia lake. Msiharakishe kazi pia, kwani mninga usiokauka vizuri hupinda ukishafungwa, na MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) iliyo chini ya sinki hufura ikipata maji. Kwa kuwa plasta imeshapigwa, mabomba ya nyaya yamo ukutani tayari, hivyo mbunifu aamue mahali pa taa kabla dari la jipsamu halijafungwa.

Mkazi wa Kinyerezi
Ahsanteni sana. Mkataba tutaudai kabla ya kulipa. Makochi anapendekeza yaagizwe Uturuki. Ushuru hulipwa na nani?

Bi Mkubwa wa Mbezi
Inategemea mtakavyoandikiana. Daini bei ya kochi likiwa limefika sebuleni, ushuru na usafiri vikiwamo, na likichanika njiani liwe juu yake mpaka mtakaposaini kulipokea.