Wazazi wa Chekechea, Tandika: Maandalizi ya Jumamosi

*Jumanne*

Mama Salma, saa 12:35 asubuhi
Habari za asubuhi wazazi wenzangu. Nawakumbusha kuhusu Jumamosi, kwa sababu tangu Mwalimu Neema alete ombi lake ni watu wawili tu waliojibu, na mmoja wao alituma kidole gumba peke yake. Mwalimu anaanza masomo ya chakula bora na michezo kwa watoto wetu wa miaka mitatu hadi mitano, na siku ya kwanza anataka wazazi tuwepo. Vinahitajika vyakula vya watoto kuonja, watu wazima wanne wa kusimamia michezo, na mahali pa kuchezea. Kila mmoja aseme analeta nini kabla ya Alhamisi jioni, ili atakayekwenda sokoni Buguruni Ijumaa awe na orodha kamili.

Mama Salma, saa 1:50 asubuhi
Naona ujumbe umesomwa. Basi naanza mwenyewe: nitaleta mapapai na machungwa.

Mama Doreen, saa 2:14 asubuhi
Mimi nitaleta viazi lishe vya kuchemsha. Je, soda zitakuwepo? Kwenye mahafali zilikuwepo na watoto walifurahi sana.

Mama Salma, saa 2:16 asubuhi
Soda hapana, mama Doreen. Kopo la mililita 330 lina sukari ya gramu 35 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwa mtoto anayehitaji kalori 1,200, hiyo ni gramu 30. Kopo moja tu limeshavuka, na bado hajanywa chai wala hajapewa biskuti. Watoto watakunywa maji yaliyochemshwa.

Mwalimu Neema, saa 2:40 asubuhi
Asante mama Salma. Wazazi, naomba hili lizingatiwe mapema: asiletewe mtoto karanga nzima, hata zilizokaangwa nyumbani. Watoto wa umri huu hupaliwa kwa urahisi, kwani bado hawatafuni vizuri na wanakula huku wanakimbia. Pia mwenye mtoto anayevimba au kuwashwa akila karanga, mayai au samaki anijulishe leo.

Baba Junior, saa 2:47 asubuhi
Nauliza kama wazazi nasi tutaonja, kwa sababu Baba Hamisi alipoonja pilau la mahafali, sufuria lilibaki na harufu tu.

Baba Hamisi, saa 2:49 asubuhi
Pilau lile lilinikuta nimetoka zamu ya usiku, na aliyenipakulia sahani ya pili yumo humu humu, anasoma kimya.

Mama Hamisi, saa 2:55 asubuhi
Ya pili nilipakua mimi. Ya tatu sijui ilitoka wapi.

Mama Salma, saa 3:05 asubuhi
Ndugu zangu, mwalimu ameuliza juu ya watoto wanaodhurika na vyakula na hakuna aliyemjibu. Tafadhali rudini kwenye ujumbe wake.

Mama Kelvin, saa 7:30 mchana
Samahani, nilikuwa kazini na sijasoma yote. Mimi nimeshanunua karanga kilo mbili, na nimepanga uji wa unga wa lishe wenye mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya na karanga.

Dada Rehema, saa 7:52 mchana
Mama Kelvin, naomba niseme kama nesi, na pia kama shangazi wa watoto wawili wa pale. Mahindi, mtama, ulezi, mchele na ngano vyote ni nafaka. Kuvichanganya vitano hakumpi mtoto makundi matano ya chakula. Nafaka moja inatosha, na nguvu ya uji iongezwe kwa maziwa au karanga zilizosagwa laini. Hizo karanga uzichambue moja moja: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yaliyoharibika. Na tusiwape watoto chai ya rangi pamoja na maharage au mboga za majani, maana chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe mwilini, ilhali kipande cha chungwa huyasaidia.

Mama Kelvin, saa 8:20 mchana
Nimeelewa, dada. Nitazichambua kisha nizisage. Ila Kelvin hali mboga za majani kabisa, nyumbani tunamwahidi pipi ndipo ale mchicha.

Mwalimu Neema, saa 10:15 jioni
Ahadi hiyo ya pipi ndiyo ninayoomba tuiache, mama Kelvin, kwa sababu inamfundisha mtoto kwamba mchicha ni adhabu na pipi ni tuzo. Mtoto anaweza kukikataa chakula kipya mara 10 au zaidi kabla ya kukizoea, na kukataa kwake si utovu wa adabu. Jumamosi sitawasimamisha wakariri kwamba hiki kizuri na hiki kibaya. Watanawa mikono, kisha nitaweka kapu katikati: mchicha, bamia, karoti, papai, dagaa. Watashika, watanusa, watachambua majani, wataniambia rangi, na anayetaka ataonja kidogo. Asiyetaka hatalazimishwa. Ninachohitaji kwenu ni mkae chini nao na mle kile kile, kwa kuwa mtoto humtazama mzazi anakula nini kabla ya kusikia anachosema.

Baba Kelvin, saa 2:05 usiku
Nawaheshimu wote, lakini niseme wazi: ada nalipa ili mtoto asome. Kelvin ana miaka minne na hajui kuandika jina lake, nami nasikia asubuhi nzima itakuwa ni kucheza na kushika bamia.

*Jumatano*

Mwalimu Neema, saa 12:50 asubuhi
Baba Kelvin, nakushukuru kwa kusema waziwazi, kwani najua wapo wengine wanaofikiri hivyo na hawasemi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka mitatu na minne apate angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa mwili kila siku, na kati ya hizo dakika 60 ziwe za kukimbia na kuruka mpaka apumue kwa nguvu. Kukaa mbele ya skrini kusizidi saa moja. Kelvin anayeruka kamba iliyolazwa chini, anayerusha mpira wa matambara na kutembea juu ya mstari wa chaki anajenga bega na mkono utakaoshika penseli bila kuchoka. Akihesabu anavyoruka, amejifunza hesabu. Wakicheza kidali po wanajifunza kusubiri zamu, jambo ambalo ubaoni siwezi kulifundisha. Tutaanza saa 2:00 asubuhi kabla jua halijawa kali, na nitawapumzisha wanywe maji.

Mama Doreen, saa 1:30 asubuhi
Naunga mkono. Ila watachezea wapi? Darasa ni chumba kimoja.

Mama Hamisi, saa 1:41 asubuhi
Mahali pa kuchezea tulikuwa napo. Kila mtu humu anajua bajaji zilifikaje pale na nani aliyesema ni za muda tu. Bembea tuliyoichangia hadi leo imeegemezwa ukutani.

Baba Faraja, saa 1:58 asubuhi
Kama nasemwa mimi, nitajwe kwa jina. Ile kodi ya kuegesha bajaji uwanjani ililipia bati la darasa lilipovuja wakati wa masika, na hesabu niliisoma mbele yenu.

Mama Hamisi, saa 2:00 asubuhi
Hesabu ya miezi ya mwanzo, ndiyo. Ya baada ya hapo hatujaisikia.

Baba Faraja, saa 2:03 asubuhi
_Ujumbe huu umefutwa._

Baba Junior, saa 2:20 asubuhi
Napendekeza watoto wafundishwe kuendesha bajaji, wafanye mazoezi na kipato kiingie.

Mama Salma, saa 2:22 asubuhi
Baba Junior, si sasa. Watoto wanne wa mtaa huu wanacheza barabarani kila jioni kwa sababu hawana pengine, na mmoja wao ni wako.

Jamal, saa 11:10 jioni
Nimemsomea Bibi Kidawa jumbe zenu zote, na ameniagiza niandike maneno yake kama alivyoyasema:

"Wanangu, uwanja ule mzee aliuacha watoto wacheze, na mimi nilikuwepo aliposema. Habari ya bati naijua na habari ya hesabu naijua, na yote mawili yana siku yake ya kukaa kikao. Lakini mtoto hangoji kikao, anakua. Baba Faraja, nenda kaseme na vijana wa bajaji, Jumamosi wapishe hadi saa 4:00 asubuhi. Mama Hamisi, ukimaliza kusema, njoo unisaidie kutwanga kisamvu, nitakipika mwenyewe kwa nazi kidogo. Nitakaa mkekani na kula na wajukuu zangu, na sitaki kumwona mtu mzima amesimama pembeni na simu."

Mama Hamisi, saa 11:25 jioni
Shikamoo Bibi. Nitakuja Ijumaa jioni.

Baba Faraja, saa 2:47 usiku
Shikamoo Bibi. Nimesikia. Vijana nitawaona kesho, ila mmoja wao amelipa kodi hadi mwisho wa mwezi na siwezi kumjibia.

*Alhamisi*

Mama Salma, saa 12:30 jioni
Vilivyopatikana: mapapai, machungwa, viazi lishe, uji wa ulezi wenye karanga zilizosagwa, na kisamvu cha Bibi. Dagaa na maharage havina mwenyewe. Wasimamizi ni Dada Rehema, Baba Hamisi na mimi; anatakiwa wa nne. Baba Faraja, yule kijana mmoja amesemaje?

Baba Kelvin, saa 1:15 usiku
Nitasimamia hadi saa 3:30, kisha nitawahi kazini. Kuandika jina bado nakudai, mwalimu.

Mwalimu Neema, saa 1:20 usiku
Karibu sana, Baba Kelvin. Ataliandika kwa kijiti mchangani, uwanja ukipatikana. Na kuhusu wanaodhurika na vyakula, hadi sasa nimejibiwa na wazazi saba tu.