Msaada: p ni 0.08, naweza kuandika mahindi ni salama?

Binti wa Eastlands
Hamjambo wanajukwaa. Niko mwaka wa mwisho, nasomea lishe hapa Nairobi. Nilinunua mahindi kwa wauzaji 12 wa soko moja, gorogoro moja (mkebe wa kupimia nafaka) kwa kila mmoja, nikapima aflatoksini, sumu ya ukungu. Kikomo cha Kenya ni sehemu 10 kwa bilioni. Nadharia tete sufuri yangu, yaani dai ninaloanza nalo hadi data zilikatae: wastani haupiti 10. Nimepata wastani 14, mchepuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko) 9.2, thamani ya p 0.08. Alfa, yaani kiwango ambacho p ikishuka chini yake dai hilo linakataliwa, ilikuwa 0.05, basi nikaandika "mahindi ni salama". Msimamizi ameikata sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu, pembeni akaandika "kosa la aina ya pili?" Nifanyeje? Nawaza kushusha alfa hadi 0.01 ili nionekane makini.

Mwalimu Mstaafu
Binti yangu, usiishushe. Alfa ni hatari unayokubali ya kosa la aina ya kwanza, yaani kuyakataa mahindi mazuri. Ukiishusha unamlinda muuzaji. Kosa la aina ya pili humwangukia mlaji: sumu ipo, kipimo kimenyamaza. Tuseme wastani halisi wa soko ni 14. Kwa sampuli 12 zenye mtawanyiko huo, kipimo chako kingeugundua takriban mara 4 kati ya 10. Kwa alfa ya 0.01, hata mara 2 hazifiki. Mwaka 2004 huko Ukambani watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hii. Kwa hiyo kwanza jiulize ni kosa lipi linaua, ndipo uchague alfa.

Mzee wa Takwimu
Naongeza: usiipandishe hadi 0.10 pia. Alfa huwekwa kabla ya kuona matokeo. Hiyo 0.05 yenyewe si sheria. Mwanatakwimu Ronald Fisher aliipendekeza mwaka 1925 kwa kuwa ilimfaa kazini. Na p ya 0.08 haisemi kuna asilimia 8 kwamba mahindi ni salama. Inasema: kama wastani ungekuwa 10 kamili, matokeo ya juu kama yako au kuzidi yangetokea mara 8 kati ya 100.

Wa Maabara
Dada, ulisaga gorogoro nzima kabla ya kupima?

Binti wa Eastlands
Hapana, nilichota kikombe kimoja juu juu.

Wa Maabara
Basi huenda sehemu kubwa ya mtawanyiko wako imetokea hapo. Punje chache tu hubeba karibu sumu yote. Kikombe kimoja huzikosa, kingine huzizoa. Saga yote, changanya vizuri, ndipo uchote. Utafiti ujao tafuta wauzaji 48, kosa sanifu, yaani kiasi wastani wako unavyoweza kuyumba, litashuka nusu.

Binti wa Eastlands
Asanteni sana, nimeelewa. Nimeandika upya: "Data hizi hazitoshi kuonyesha kwamba wastani unapita 10; kwa uhakika wa asilimia 95, wastani unaweza kuwa popote kati ya 8 na 20." Mahindi yaliyobaki ninayo, kila gorogoro na mfuko wake. Kesho nayapeleka kwa posho mill.

Wa Maabara
Mwambie asafishe kinu kila baada ya mfuko mmoja.