Hawa wa "jenga tovuti bila kujua kuprogramu" wanatufanya madizaina wajinga

Wakuu, nina hasira na leo sitazunguka.

Nijitambulishe mapema asije mtu kuniambia nimeingilia fani ya watu. Mimi ni dizaina wa grafiki. Logo, vifungashio, mabango, majarida, hizo ndizo kazi zinazonilisha. Gridi naijua, herufi nazijua, rangi najua inavyobadilika kutoka skrini hadi kwenye karatasi. Kuprogramu sijui na sijawahi kudai najua. Ndiyo maana tangazo la huduma moja lilinipata: buruta, achia, chapisha, tovuti ya kitaalamu tayari. Jina sitalitaja, maana nyingi zinafanana hadi rangi ya kitufe cha kulipia.

Nikalipia kifurushi cha mwaka mzima, maana cha bure kinakubandikia tangazo lao juu na anwani yenye jina lao. Nikaburuta, nikaachia. Kwenye kompyuta ikatoka tovuti safi sana. Kichwa kimekaa mstari mmoja, nafasi za herufi nimezirekebisha kwa jicho, kazi zangu zimejipanga safu tatu, kila moja na maelezo yake chini. Halafu nikaifungua kwenye simu.

Herufi ya mwisho ya kichwa imeangukia mstari wa pili, iko peke yake kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Hiyo ni nafuu. Picha zote za kazi zimepanda juu kwa mfululizo, na maelezo yote yamefuata chini kwa mfululizo. Yaani unapita logo, logo, logo, ya mwisho ni ya kiatu, na moja kwa moja chini ya kiatu unasoma habari za kliniki ya meno. Mteja aliyetumiwa kiungo akaniuliza kwa upole kama tovuti bado inajengwa.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Kwanza likajibu roboti, likanipa viungo vya makala ambazo nilishazisoma. Baadaye akaja binadamu: "Tafadhali hariri mwonekano wa simu kando." Sawa, nikahariri. Nikaona kitufe kimoja hakina kazi kwenye simu, nikakifuta. Kumbe kimefutika na kwenye kompyuta! Lakini ukikisogeza kwenye simu, kwenye kompyuta hakisogei. Kufuta ni kwa wote, kusogeza ni kwa kila upande. Kama unataka kisionekane kwenye simu tu, kuna "kuficha", na hiyo iko ndani ya menyu ndogo yenye alama ya jicho lililokatwa. Nani angejua?

Hili la simu ndilo linalonichoma kuliko yote, na nimelifuatilia mpaka nikaelewa. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297; ukishapanga, imepangwa. Ukurasa wa tovuti hauna upana wake. Upana anakuja nao msomaji, na skrini yake. Ule ubao mweupe wanaokupa uburute vitu juu yake ni picha tu ya upana mmoja. Nyuma yake kila kisanduku kinageuzwa kuwa HTML, lugha inayoandikiwa kurasa za tovuti, na kwenye HTML vitu vinakaa kwa foleni: hiki kinatangulia, hiki kinafuata. Skrini ikiwa nyembamba, vitu vinashuka kwa kufuata ile foleni, macho yako yalivyopanga hayahusiki. Sasa dizaina gani duniani haanzi kwa kuweka picha zote ili aone uzito wa ukurasa, ndipo aandike maelezo? Ndivyo tunavyofanya kazi. Chombo kinasema kimetengenezwa kwa ajili yetu, halafu kinatunza foleni kwa siri na kuja kutuumbua mbele ya mteja.

Na dawa yake ni rahisi mno, ndiyo maana nakasirika. Picha na maelezo yake unaviweka ndani ya kontena moja, yaani kisanduku kinachobeba vingine, kontena ndilo unalolipanga. Basi! Vikishuka, vinashuka pamoja. Sentensi mbili hizo hazimo kwenye video yao ya kukaribisha wateja, ila muziki wa kuchangamsha umo mwanzo mpaka mwisho. Na si kwamba jambo ni geni. Dizaina wa tovuti Ethan Marcotte aliandika kuhusu tovuti zinazojipanga kufuata skrini mwaka 2010. Wanajua vizuri sana. Wakikuambia kwamba unapaswa kufikiria kwa makontena badala ya kurasa, utaanza kuuliza maswali kabla ya kutoa kadi.

Tuje kwenye violezo vyao "vya kitaalamu", ile mipangilio iliyokwishatengenezwa. Fungua chochote uangalie maandishi madogo: kijivu hafifu juu ya nyeupe. Nilichopewa mimi kilikuwa na msimbo wa rangi #999999. Hiyo rangi juu ya nyeupe haifiki hata uwiano wa utofauti wa 3 kwa 1, wakati WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zisomeke na kila mtu, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Ningempelekea mteja brosha ya namna hiyo angenirudishia siku hiyo hiyo. Picha nazo ukipandisha wanazibana upya wanavyotaka wao na kuutupa wasifu wa rangi uliomo, yaani maelezo ya namna rangi zake zinavyopaswa kusomwa. Picha uliyoitoa kwa Display P3, mfumo wenye rangi kali zaidi, ikisomwa kama sRGB, mfumo wa kawaida wa tovuti, rangi zinapauka. Kijani cha chapa ambacho mimi na mwenye kampuni tulibishana juu yake sana kimegeuka kijani cha hospitali.

Kasi sitaizungumzia sana. Google wenyewe wanasema kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Kiolezo kinapakia skripti za duka, za kalenda, za sijui nini, wakati mimi nina picha na namba ya simu tu. Nazitoaje? Hazitoki.

Fonti pia mjue mapema. Ile leseni uliyonunua kwa ajili ya kompyuta yako mara nyingi haikuruhusu kuiweka fonti kwenye tovuti. Ya tovuti inauzwa mbali, na wauzaji wengi wanaipima kwa idadi ya kurasa zinazotazamwa kwa mwezi. Na kitufe cha kupandisha fonti yako mwenyewe kilikuwa kwenye kifurushi cha juu yake. Bila shaka.

Nikasema basi, nahama. Hapo ndipo nilipojua nilichokuwa nimenunua. Hakuna kitufe cha kutoka na tovuti yako. Kuna faili la maandishi ya blogu, na blogu sina. Mpangilio, menyu, kurasa za kazi, vyote vinabaki kwao. Ukiacha kulipia, tovuti inazimwa.

Wakongwe wenzangu mnaikumbuka Adobe Muse. Ilikuwa programu ya madizaina hasa, unapanga ukurasa bila kuandika msimbo. Machi 2018 Adobe wakatangaza kwamba hawaiendelezi tena, na Machi 2020 msaada ukakatika. Watu walilia, na walikuwa na haki ya kulia. Lakini Muse ilikuwa inakutolea mafaili ya HTML unayoyaweka kwenye seva yoyote unayoitaka, kwa hiyo ilipokufa, tovuti zilizokwishatengenezwa ziliendelea kuonekana. Huduma ya sasa ikifungwa leo, kesho huna kitu. Na msidhani makubwa hayafungwi: GeoCities, huduma ya kujitengenezea kurasa binafsi, ilikuwa mali ya Yahoo, na ilifungwa 2009 pamoja na kurasa za watu mamilioni. Kwa hiyo tumerudi nyuma kuliko Muse, na tunalipa kila mwaka kwa kurudishwa huko.

Kwa wanaotaka kuanza, kitu kimoja tu: domeini, yaani jina la anwani ya tovuti yako, inunue mahali pengine, kwa jina lako na barua pepe yako, halafu uielekeze kwenye tovuti. Ile "domeini ya bure mwaka wa kwanza" ni kamba. Mwaka wa pili bei wanapanga wao, na siku ukitaka kuhama una vitu viwili vya kung'oa badala ya kimoja. Kwenye hili mimi niliponea.

Sasa naomba majibu ya watu waliofanya, sitaki ya waliosikia. Nani ana potfolio, tovuti ya kuonesha kazi zake, aliyoijenga bila kuprogramu, inakaa vizuri kwenye simu, na anaweza kuondoka nayo? Taja huduma, sema inakutolea faili gani, na useme nini kinakufa ukihama, kwa mfano fomu ya mawasiliano. Hata zile zinazokuruhusu kupakua HTML, fomu huwa hazifanyi kazi tena nje ya seva zao, hilo nimeshaliona.

NYONGEZA: Naona mmeanza. "Jifunze tu HTML, ni rahisi." Mkuu, wewe ukitaka kadi ya harusi nakuambia ujifunze Illustrator?

"Tumia WordPress." Ipi? Kuna programu ya bure ya kujengea tovuti unayoiweka kwenye seva yako mwenyewe, na kuna huduma ya WordPress.com yenye vifurushi vyake. Ile ya kwanza kweli unaondoka nayo, nakubali, ila masasisho na plagini, vile viongezi vya programu, ni juu yako, na plagini moja ikigombana na nyingine ukurasa mzima unakuwa mweupe. Anayeitumia kwa potfolio bila fundi pembeni aje aseme anafanyaje, namsikiliza kwa heshima zote.

"Weka Behance," ule mtandao wa kuonesha kazi za wabunifu. Ninayo. Mteja akimaliza kuangalia kazi yangu, pembeni anaoneshwa kazi za washindani wangu.

Na aliyenifuata inbox akidai ni wakala wa ile huduma na ana punguzo la kunisasishia kifurushi: kaka, soma uzi.