Tupeane uzoefu: mnyama gani alikushikilia akili ilipoanza kuyumba?

JiraniUmoja
Wadau, hamjambo. Kule Marekani kuna kitu wanaita mnyama wa kuliwaza. Mtu mwenye wasiwasi uliopitiliza au msongo wa mawazo anaandikiwa barua na mtaalamu wake, na kwa barua hiyo mwenye nyumba anaweza kulazimika kumwacha akae na paka au mbwa wake hata kama jengo halitaki wanyama. Msimchanganye na mbwa aliyefunzwa kazi, kama yule wa kumwongoza asiyeona. Huyu wa kuliwaza kazi yake ni kuwepo tu. Watu wakazidisha, mpaka mwaka 2018 mmoja akataka kupanda ndege na tausi. Tangu 2021 mashirika ya ndege ya huko hayalazimiki tena kuwapokea.

Hapa Nairobi barua kama hiyo keateka ataifungia njugu. Lakini wanyama wenyewe tunao. Mwenzangu kazini aliniambia kwamba bila sungura wake angekuwa amelazwa zamani. Nilicheka, halafu nikaona yeye hacheki. Ndiyo maana nauliza. Semeni na gharama na kero pia. Picha za paka tumeona za kutosha.

ZamuUsiku
Mimi ni soja. Mahali nilipokuwa nalinda zamani tulivamiwa, tukafungwa kamba, nikalazwa kifudifudi mpaka asubuhi. Sikuumizwa mwili, kwa hiyo kila mtu alisema nimshukuru Mungu na nirudi kazini. Nikarudi. Lakini kuanzia hapo jani likianguka mimi niko juu. Nikilala mchana naota geti linagongwa. Mama watoto akawa ananiamsha kwa kunirushia mto kutoka mlangoni, maana akinigusa naruka na ngumi.

Kampuni ikanihamishia pahali pa zamu na mbwa. Pickup inawaleta jioni, alfajiri inawarudisha. Wangu alikuwa Tomi, mzee kidogo, mdomo umeanza mvi. Mwanzoni nilimwona ni kazi ya ziada tu. Polepole nikajua kumsoma. Masikio yakisimama, kuna mtu. Akigeuza kichwa bila kuinuka, ni paka au panya. Akilala na kidevu kwenye kiatu changu, hakuna kitu. Jamani, miezi mingi mimi ndiye nilikuwa masikio ya usiku mzima, kila sauti ni yangu kuipima. Sasa kuna mwenzangu anayesikia kuliko mimi, na yeye amelala. Nikaanza kupumua.

Nilizungumza na mshauri pia, kupitia kanisa, sitaki mtu afikiri ni mbwa peke yake. Lakini mshauri nilimwona mchana. Saa tisa usiku nilikuwa na Tomi.

BintiPangani
Pole sana kaka Zamu, na asante kwa kusema. Wanaume hawasemi haya.

Mimi ni wa paka. Mume wangu alipofariki nilikaa eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba. Siku za mwanzo nyumba ilijaa, ikasomwa hitma, wakapika, wakalia na mimi. Halafu kila mtu akarudi kwenye shughuli zake, na si kosa lao, kodi haingoji. Nikawa naswali alfajiri, narudi kitandani, naamka adhuhuri. Sili. Sioni sababu ya kukunja hata shuka.

Kulikuwa na paka wa rangi ya chungwa anayezurura kati ya msikiti na ploti yetu. Akaingia kwa dirisha la jikoni, nikampa omena. Kesho yake alfajiri yuko pale pale, analia kama ana hati ya nyumba. Msidanganyike, hakunipenda. Alitaka omena. Lakini nilipoinuka kumpa, nilijikuta nimeshasimama, na mtu akishasimama jikoni huweka chai. Nikawa nakunywa chai. Baada ya muda nikawa nakula na mkate. Mama mkwe hakutaka paka ndani kabisa, mpaka nilipomkumbusha kwamba Abu Huraira alipewa jina lake kwa sababu ya paka. Akanyamaza. Siku hizi yeye ndiye humnunulia maini.

Gharama: omena, chanjo, na kuhasi, maana bila hivyo utalea ukoo mzima. Kero: makochi yamechanika yote.

SitakiMbwa
Ninyi endeleeni. Mimi niliumwa na mbwa wa jirani nikiwa mdogo, na mpaka leo mtu akisema "haumi huyo" nabadilisha njia. Huo mtaa wenu wenye mbwa wa kuliwaza wengine mnatuongezea wasiwasi. Mfungeni, mchanjeni, basi.

MuuguziMstaafu
SitakiMbwa ana haki yake, na nianzie hapo. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza, karibu kila mtu hufa. Ukiumwa au ukikwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo uanze chanjo. Usipake pilipili wala mafuta ya taa. Na mama mjamzito asisafishe kinyesi cha paka, kuna vimelea vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Kazi hiyo apewe mwingine.

Sasa kwenye mada. Nimefanya kazi wodi za afya ya akili, na habari hii si ya jana. Miaka ya 1960 Boris Levinson, mwanasaikolojia wa watoto kule New York, alieleza kwamba mtoto asiyetaka kuzungumza na mtu alianza kufunguka mbwa wake Jingles alipokuwa chumbani. Wenzake walimcheka. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mtu na mbwa wake wakitazamana machoni, homoni ya oksitosini hupanda kwa wote wawili, ile ile inayopanda kati ya mama na mtoto mchanga. Hata hivyo matokeo ya tafiti hayafanani. Upweke na wasiwasi wa papo kwa papo mara nyingi hupungua, lakini ugonjwa wenyewe hauponi kwa kupapasa manyoya. Anayetumia dawa asiache dawa kwa sababu amepata paka.

Na tafadhali, mtu aliye chini kabisa, asiyeweza kujiogesha, msimpelekee mbwa mchanga kama zawadi. Mtoto wa mbwa ni kazi ya usiku na mchana. Mtamzidishia aibu. Dada wa Pangani alipata paka mkubwa aliyejua kujitafutia, hilo ni jambo tofauti.

NjiwaHuruma
Mimi ni wa njiwa. Nimewajengea juu ya mabati, mbao nimeokota. Watu hawaelewi hii kitu. Njiwa lazima uwahesabu na kuwafungia kabla giza halijaingia, la sivyo paka wa dada hapo juu anakula 😂

Sasa hiyo saa ya kufungia njiwa ndiyo ilikuwa saa yangu ya kwenda baze kunywa. Nilianza kwa kuchelewa kwenda. Nikifika wamelewa tayari, wananiboesha. Nikawa nabaki juu ya paa natazama matatu zikipita. Sijui kama mnaita hiyo tiba. Bado nina siku mbaya, lakini kunywa nimepunguza sana, na mahindi ya njiwa ni rahisi kuliko keg.

RoysambuKampasi
Bedsitter yetu hairuhusu hata kuku. Nina samaki wawili ndani ya chupa kubwa. Haya, chekeni. Wakati wa mitihani huwa nawatazama mpaka moyo unashuka. Mwenye kutaka mbwa au paka na ana nafasi, KSPCA, shirika la kutetea wanyama kule Karen, wana waliookolewa wanaotafuta kwao. Na msitu wa Karura mbwa wanaruhusiwa ukiwashika kwa mkanda, kwa hiyo hata asiye na wake anaweza kwenda kutembea na kuwaona wa wengine. Mimi hufanya hivyo.

MamaWaPili_Buru
Hakuna aliyegusa upande wa pili, acha niuseme. Mbwa wetu alipewa sumu na mtu hapa mtaani. Watoto walilia, mimi nililia kuliko watoto. Huyo mbwa ndiye alikuwa ananisindikiza kila asubuhi kwa mwendo niliopangiwa na daktari wa presha, na bila yeye sikutoka tena. Nilipomweleza shemeji akasema "si utanunua mwingine?" Hakuna anayekuletea sukari na majani kwa matanga ya mbwa. Kwa hiyo mnaopata faraja hapa, jueni wanyama hawa wanaishi miaka michache, na Nairobi huiacha michache zaidi.

ZamuUsiku
Pole mama. Tomi alistaafishwa, na hatukuulizwa sisi tuliokesha naye. Nilimwomba msimamizi nimchukue, akasema ni mali ya kampuni. Najua hiyo kitu.

BintiPangani
Pole mama, pole kaka.

JiraniUmoja
Nimeonyesha yule mwenzangu wa sungura hizi habari. Amesema niwaulize: mkisafiri ushago Desemba mnawaacha na nani? Yeye mwaka jana hakusafiri.

NjiwaHuruma
Mdogo wangu, namlipa. Lakini sungura mlete Huruma, nafasi iko. Si bure.

MamaWaPili_Buru
Wa njiwa, ukiwa na makinda ya ziada niambie bei. Paka sina, na baraza yangu inapata jua asubuhi.

NjiwaHuruma
Mama wawili kwa mia tano, nitakuletea na boda. Mahindi ununue yaliyovunjwa.